Lucia ya kayaki mjini Copenhagen: kayaki ya peke yako, ya wawili, au kusimama darajani?

Tarehe 13 Desemba jua la Copenhagen huzama kabla ya saa kumi alasiri. Giza likishakolea, mamia ya kayaki zilizofungwa taa huingia kwenye mifereji ya mji mkongwe. Waliomo wamevaa nyeupe juu ya nguo za baharini, wengine wana mataji ya taa kichwani, na nyimbo zinapokezana kati ya majini na madarajani. Hiyo ndiyo Lucia ya kayaki. Kila ikifika Novemba napata ujumbe kutoka kwa ndugu na marafiki walioko Denmark, na kwa walio ng'ambo ya mlango wa bahari, Malmö na Lund: mwaka huu nami nataka kuingia majini, nikodi kayaki gani?

Hufurahi nikiulizwa, maana ni moja ya jioni nzuri kabisa za majira ya baridi huku Kaskazini, na sisi watu wa pwani na wa maziwa makuu tuna haki ya kujisikia nyumbani popote penye chombo na maji. Lakini huwa najibu kwa swali: umewahi kutumbukia kwenye maji ya nyuzi sita? Mimi nimekulia Pangani, nikajua kupiga kafi kabla sijajua kusoma. Siku niliyojiangusha kwa makusudi kwenye maji ya Desemba, mafunzoni, nikiwa nimevaa kila kinachotakiwa, pumzi ilikatika kana kwamba nimepigwa ngumi kifuani. Kuogelea nilijua. Kupumua ndiko kulikonishinda.

Ndiyo maana sianzi na uzuri wa taa. Naanza na maji.

Lucia yenyewe, kwa kifupi

Lucia ni mtakatifu wa Syracuse, kisiwani Sicily, ambaye mapokeo yanasema aliuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 304. Jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya nuru, na katika kalenda ya zamani sikukuu yake iliangukia kwenye usiku mrefu kuliko yote wa mwaka. Desturi ya mabinti waliovaa kanzu nyeupe na kushika mishumaa ilishamiri kwanza Sweden. Denmark iliipokea mwaka 1944, nchi ikiwa bado imekaliwa na Wajerumani, na kuwasha mshumaa gizani mwaka ule kulikuwa na maana ambayo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Leo utaikuta mashuleni, hospitalini na kwenye nyumba za wazee.

Ndugu zangu Waislamu huniuliza kama kushiriki ni ibada. Msafara wa kayaki hauna misa; una taa, nyimbo na vinywaji vya moto. Kila mtu apime kwa dhamiri yake, ila asijinyime kwa kudhani kwamba anaingizwa kanisani.

Jambo moja la ratiba: saa zao ni za tarakimu 24. Ukiona 16:00, hiyo ni saa kumi yetu. Njia na saa hutangazwa upya kila mwaka, na anayetaka kusimama mahali pazuri au kuingia majini anapaswa kuzisoma mapema.

Vigezo vinne

Nitapima kila njia kwa mambo manne yaleyale: baridi itakufanya nini mambo yakiharibika, ustadi unaotakiwa, mfuko wako, na utakachokiona na kukihisi. Hayana uzito sawa. La baridi lina uzito kuliko matatu yaliyobaki yakiunganishwa, kwa hiyo nalieleza kwanza.

Maji ya bandari ya Copenhagen katikati ya Desemba huwa kwenye nyuzi sita au saba hivi. Ya Zanzibar mwezi huohuo yanapita nyuzi 27. Wengi hudhani hatari ya maji baridi ni kuganda polepole. Sivyo. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti, ameifupisha kwa namba tatu: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza ni ya kuirudisha pumzi, kwa kuwa ngozi ikipatwa na baridi ya ghafla mtu huvuta hewa kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kimo majini atavuta maji. Dakika 10 hivi ndizo ambazo vidole na mikono bado vinakutii. Baada ya hapo hata kamba ya kuvuta huwezi kuikaza. Saa 1 hivi ndipo baridi iliyoingia ndani ya mwili inapoweza kukupotezea fahamu. Saa hiyo utaifikia tu kama umevaa jaketi okozi linalokushikilia juu.

Namba hizo ndizo zinazochagua kayaki. Rangi ya chombo, bei ya kozi na hamu ya kupiga picha vinafuata nyuma.

Kayaki ya mtu mmoja

*Baridi.* Kayaki ya baharini ya mtu mmoja ina urefu wa mita 5 hivi na upana usiozidi sana sentimita 60. Kwa aliyezoea ngalawa, fikiria ngalawa iliyong'olewa ndubi zote mbili. Kiuno chako kiko karibu usawa wa maji, na chombo kinajibu kila unavyojitikisa. Ukipinduka utakuwa kichwa chini, ndani ya giza, na sketi ya kuzuia maji imefungwa kwenye tundu la kukalia. Kuna mshipi mbele wa kuivuta ili utoke. Ni tendo la sekunde tatu kwa aliyelifanya mara ishirini, na ni fumbo kwa ambaye hajawahi kulifanya.

Kwa hiyo vazi si hiari. Suti ya mpira hufanya kazi kwa kubakiza maji kidogo karibu na ngozi yapate joto la mwili, na wapo wanaoitumia majira ya baridi. Mimi nasimama upande wa suti kavu, ile yenye mpira unaobana shingoni na kwenye viganja ili maji yasiingie kabisa, na ndani yake nguo za sufu, siyo pamba. Sababu yangu inatokana na msafara wenyewe. Kupiga kafi kwa kasi huupa mwili joto. Lakini msafara wa Lucia ni wa polepole. Unasonga kidogo, unasimama chini ya daraja, unasubiri nyimbo ziishe, unasonga tena. Saa mbili za namna hiyo humpoza hata ambaye hajaloa.

Wainuiti wa Greenland, mojawapo ya jamii za Aktiki zilizotupa chombo hiki, walikishona kwa ngozi ya sili juu ya kiunzi cha mbao, na koti la mwindaji, la ngozi vilevile, likafungwa kwenye tundu ili maji yasipate pa kupita. Kwao chombo na vazi vilikuwa kitu kimoja. Nikimwona mtu ananunua kayaki ya kisasa kisha anabania kwenye suti, huwa namkumbusha hilo.

*Ustadi.* Kwenda mbele si shida, mtoto anaweza. Shida ni kusimama palepale, kurudi nyuma, kusogea ubavu, na kufanya hayo gizani huku kayaki nyingine zimekuzunguka pande zote. Kuta za mifereji ni za mawe, kwa hiyo wimbi la boti likigonga ukuta hurudi na kukutana na linalokuja, na maji yakachezacheza bila mpangilio. Mtu wa pwani atatafuta kusoma kupwa na kujaa. Hapa hakutamsaidia: bamvua ya kwetu hupandisha maji kwa karibu mita 4, ilhali Copenhagen tofauti haifiki hata nusu mita. Kinachosukuma maji ni upepo, na maji yanayopita kati ya Bahari ya Baltiki na Kattegat. Soma utabiri wa upepo.

Halafu kuna kuokoana. Lazima ujue kutoka kwenye kayaki iliyopinduka, kumwaga maji kwa msaada wa mwenzako na kurudi ndani, ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Vyama vingi vya kayaki nchini Denmark huitambua kozi ya ngazi ya EPP 2 (Euro Paddle Pass, mfumo wa Ulaya wa vyeti vya kupiga kafi), ambayo ndani yake kuna mafunzo hayo. Na hata ukiwa na cheti, kama hujaanguka majini tangu Agosti, nenda ukaanguke Novemba mkiwa wawili karibu na ngazi ya gati, ujue mwili wako unasema nini.

*Mfuko.* Suti kavu mpya ni maelfu ya krona. Uanachama wa chama kwa mwaka, ukilinganisha, ni nafuu, na vyama vingi vina kayaki za kutumiwa na wanachama. Kwa mgeni aliyekuja kwa wiki mbili njia hii haina hesabu inayokubali. Kwa mkazi ambaye angependa kupiga kafi miaka kumi, inajilipa.

*Utakachokiona.* Uhuru. Unaweza kukaa nyuma kabisa ya msafara ambako kelele zimepungua na maji yametulia. Karibu na daraja la Højbro, kwenye mfereji unaozunguka kisiwa cha Slotsholmen, kuna sanamu za shaba zilizozamishwa chini ya maji: jitu la baharini na watoto wake saba, kazi ya Suste Bonnén ya mwaka 1992 iitwayo Agnete na jitu la baharini. Agnete, mwanamke wa nchi kavu, aliolewa baharini, kisha akarudi kwao, na mume na watoto wananyoosha mikono kumwita. Mtoto wa Pangani aliyelelewa na hadithi za majini wa baharini hahitaji mkalimani. Kupita juu yao polepole, ukiwaona kwa mwanga unaopenya majini, ni jambo ambalo mimi hulingojea mwaka mzima.

Njia hii inamfaa mwenye mafunzo, mwenye vazi, na mwenye wenzake wa kwenda nao. Nasisitiza hilo la mwisho: peke yako kwenye tundu, ndiyo, peke yako majini usiku wa Desemba, hapana.

Kayaki ya watu wawili, pamoja na kiongozi

*Baridi.* Chombo hiki ni kirefu na kipana zaidi, sentimita 70 hadi 80, na hakipinduki kwa mtikisiko mdogo. Hiyo ni faida ya kweli. Ila kikipinduka wanaanguka wawili kwa mpigo, na chenyewe kina uzito wa kilo 40 na zaidi kabla ya maji kuingia. Bila mtu wa tatu anayejua, kukisimamisha gizani ni kazi kubwa. Kwa sababu hiyo siipimi kayaki ya wawili bila kiongozi kama njia inayojitegemea. Wawili wasio na uzoefu, bila kiongozi, wana hatari kuliko mmoja aliyefundishwa.

Kuna baridi nyingine ambayo watu husahau: ya aliyekaa mbele na kuacha kupiga kafi ili apige picha. Dakika ishirini tu na meno yanagongana. Apige kafi, hata kidogo kidogo.

*Ustadi.* Hutakiwi kuwa fundi, lakini kiongozi mzuri atakuuliza kama umewahi kukaa kwenye kayaki na kama unaweza kuogelea. Mjibu kweli. Aliye omo ndiye anayeweka mwendo. Aliye tezi anafuata mwendo huo na kushika usukani kwa nyayo, kwa kuwa nyaya za usukani zimefungwa kwenye kanyagio. Makafi yakipishana yatagongana, na vidole vilivyo baridi vikigongwa huuma kweli. Kubalianeni mapema nani nahodha. Nimeona mume na mke walioshinda wakibishana mfereji mzima nani ageuze, na nimeona mama na binti yake waliokwenda kama mtu mmoja kwa sababu binti alimwambia mamaye tangu gatini, "Mama, wewe imba tu na upige kafi, mengine niachie."

Nasema kafi, si kasia, kwa makusudi. Kasia hufungwa kwenye ubavu wa chombo. Kafi hushikwa mkononi tu. La kayaki lina bapa huku na huku, na usiku ule likikudondoka ni vigumu kuliona. Ombeni kamba ya kulifunga.

*Mfuko.* Mamia ya krona kwa kila mtu. Kabla ya kulipa, uliza maswali haya na usione haya kuyarudia: Suti ni kavu au ya mpira, na imo kwenye bei? Glovu na viatu je? Kiongozi mmoja ana kayaki ngapi? Upepo ukiwa mkali mnaahirisha, na fedha zinarudi? Nani atatuonyesha namna ya kutoka tukipinduka, na ni kabla ya kuingia majini au kwa maneno tu? Kampuni inayojibu kwa subira ina uwezekano mkubwa wa kuwa na subira majini pia. Mwaka mmoja nilimsindikiza rafiki mahali ambapo tulipewa majaketi okozi na makoti ya mvua, tukaambiwa inatosha kwa kuwa "hakuna anayeanguka". Tuligeuza tukarudi nyumbani, na sijajuta.

*Utakachokiona.* Hapa ndipo njia hii inaposhinda kayaki ya mtu mmoja kwa watu wengi: mna nafasi ya kuangalia. Mmoja akishughulika na usukani, mwingine anainua macho aone mnara wa Vor Frelsers Kirke pale Christianshavn, ule wenye ngazi inayouzunguka kwa nje hadi kileleni tangu mwaka 1752. Mkipita kando ya Børsen, soko la kale la mitaji, mtaikumbuka asubuhi ya tarehe 16 Aprili 2024, moto ulipoangusha kile kilele cha mikia ya mazimwi iliyosokotwa. Na mnazungumza. Kiswahili kikisikika majini usiku, chini ya madaraja ya mawe yanayorudisha sauti, kina ladha ambayo siwezi kuieleza kwa aliyeishi Ulaya bila kuikosa lugha yake.

Inamfaa anayeingia majini kwa mara ya kwanza msimu wa baridi, wapenzi, ndugu wawili, mzazi na kijana mkubwa. Haimfai anayemburuta mwenzake asiyetaka. Aliyekaa omo kwa hofu huegemea upande mmoja bila kujijua, na wote wawili hulipia hofu hiyo.

Ukingoni na darajani

*Baridi.* Huanguki, lakini usivae kama unayekwenda dukani. Hewa huwa nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri, upepo unatoka baharini, na aliyesimama hupoa haraka kuliko anayetembea. Miguu ndiyo inayoanza. Soksi za sufu, soli nene, na kipande cha boksi cha kusimamia: jiwe la gati hunyonya joto la nyayo, boksi hulizuia. Hatari halisi ya hapa ni watoto. Sehemu nyingi za gati, Nyhavn ikiwemo, hazina uzio, watu wanasukumana, na kila mtoto anataka kuona. Mshike mkono, na usimruhusu akae ukingoni miguu ikining'inia.

*Ustadi.* Hakuna, zaidi ya kuwahi.

*Mfuko.* Bure. Utakachotumia ni nauli na cha kutia mdomoni. Jaribu æbleskiver, vitumbua vya Kidenmaki: kikaango chake kina vishimo vya duara kama chetu kabisa, ila unga ni wa ngano na huliwa kwa jamu na sukari ya unga. Kinywaji cha msimu ni gløgg, divai ya moto yenye viungo. Asiyekunywa pombe aulizie isiyo na kilevi, mara nyingi ipo.

*Utakachokiona.* Nitasema jambo ambalo wapiga kafi wenzangu hawapendi kulikubali: msafara mzima huonwa na aliye juu tu. Aliye majini huona mgongo wa aliye mbele yake na taa zake mwenyewe. Aliyesimama darajani huona mto wa nuru ukipinda kwenye kona, ukiingia chini ya miguu yake na kutokea upande wa pili. Anayetaka picha, na anayetaka kuimba kwa sauti yote, asimame hapa.

Højbro ni pazuri, na kituo cha metro cha Gammel Strand kiko jirani. Kwa Nyhavn shuka Kongens Nytorv. Cirkelbroen, daraja la miguu la miduara lenye milingoti lililobuniwa na Olafur Eliasson na kufunguliwa mwaka 2015, liko kwenye mlango wa mfereji wa Christianshavn. Anayetoka Malmö avuke kwa treni, karibu nusu saa na ushei hadi stesheni kuu, kisha amalizie kwa metro au kwa miguu.

Njia hii inawafaa wenye watoto wadogo, wajawazito, wenye shida ya moyo au presha. Kwa hawa wa mwisho siyo suala la ujasiri: mshtuko wa maji baridi hupandisha mapigo ya moyo na presha kwa ghafla. Inamfaa pia mpiga kafi hodari ambaye mwaka huu hana vazi.

Kwa wazee wasioweza kusimama zipo boti za utalii za mifereji, zenye paa na joto ndani wakati wa baridi. Ni nzuri, ila kioo hukuziba na nyimbo, na nyimbo ni nusu ya jioni.

Taa, kwa wanaoingia majini

Hapa watu hukosea kwa furaha, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, za mwaka 1972, zinamtaka anayepiga makasia au makafi awe angalau na taa nyeupe mkononi, tayari kuionyesha mapema. Taa za mapambo hazichukui nafasi yake. Tena sheria hizohizo zinakataza taa zinazoweza kudhaniwa kuwa za uongozaji, kwa hiyo kijani na nyekundu ziache nyumbani: nahodha wa boti akiziona atadhani anajua unaelekea wapi. Tumia nyeupe ya joto au njano.

Nunua taa za betri zisizoingia maji, na ujaribu betri nje usiku, kwa kuwa baridi huzidhoofisha. Zibandike kwa utepe kwenye sitaha, zikielekea nje na nyuma, usije ukajipofusha. Usipitishe waya wowote juu ya tundu la kukalia wala kuuzungusha mwilini. Ukipinduka, waya huo ni kitanzi. Taji la kichwani liwe jepesi na litoke lenyewe likivutwa.

Na pombe baadaye, siyo kabla. Huleta damu kwenye ngozi, ukahisi joto huku joto lenyewe linakutoka.

Basi wewe uende wapi?

Kama hujawahi kukaa kwenye kayaki na una wiki tatu kabla ya tarehe 13, simama darajani mwaka huu. Ikiwa hamu imekushika koo na umepata kiongozi anayetoa suti kavu na mazoezi kabla ya safari, kayaki ya wawili inawezekana, mradi mwenzako ni mtulivu.

Kama unapiga kafi kila kiangazi lakini hujawahi majira ya baridi, usiingie na kayaki yako ya mtu mmoja kwa mara ya kwanza usiku huo. Mara ya kwanza iwe mchana, Novemba, karibu na ukingo. Ukishindwa kupata nafasi hiyo, keti tezi kwenye kayaki ya wawili. Ustadi wako utamfaa mwenzako.

Kama una mafunzo, suti kavu na kundi, chagua ya mtu mmoja, na ukae pembeni ya msafara ambako wasiokuwa na uzoefu wanaweza kukushika sitaha wakitetereka. Kayaki tatu zilizoshikana hazipinduki kirahisi.

Kama mama amekuja kukutembelea kutoka nyumbani na hii ni Desemba yake ya kwanza ya baridi, usimwache darajani peke yake ili wewe upite chini ukimpungia. Simama naye. Mnunulie vile vitumbua, mfunge skafu vizuri, na mwoneshe.

Kama siku yenyewe upepo umevuma hata bendera zinapiga kelele, tiketi isikuamulie. Rudi ukingoni, hata kama umeshavaa.

Na kama umesoma yote haya ukahisi unaitaka ile ya mtu mmoja lakini huna lolote kati ya vinavyotakiwa, kozi nyingi za wanaoanza hufanyika kati ya Mei na Septemba, maji yakiwa na huruma. Jiandikishe mapema. Desemba hii nenda Højbro, uiname kidogo juu ya ukuta kabla msafara haujafika na maji bado yametulia, uwatafute lile jitu la baharini na wale watoto saba. Mwakani utapita juu yao.